Mazoezi ya Namba Saba

Jumanne, 3 Machi, saa 4 asubuhi

Ndugu Namba Saba,

Barua hii ni yako peke yako, haikupita kwenye kundi. Wenzako wamepiga kura. Nane wanataka utoke darasani. Watatu wanasema ubaki, na mmoja wa hao watatu ni mtu ambaye hupinga kila kitu.

Mimi sipendi kuzunguka mbuyu, kwa hiyo nitakwambia ninavyoona. Darasa hili nililianzisha kwa ajili ya watu wanaofungiwa milango kwingine. Ada ni bei ya vocha ya siku moja, na asiye nayo anaingia bure. Hatukutani kwa video kwa kuwa wengi wetu hatuwezi bando. Tunatumiana maandishi tu. Hatuna majina, tuna namba, ili msoma mita za maji na hakimu mstaafu wasomwe kwa jicho moja. Namba Mbili haoni, kwa hiyo kila kazi naisoma mwenyewe kwa sauti na kumrekodia. Na kanuni ya tatu unaijua: hatumuulizi mtu kama aliyoyaandika yalitokea.

Haya, tuje kwako. Zoezi la kwanza nilisema: andika mkono. Wenzako wakaandika mkono wa fundi cherehani, mkono wa mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Wewe ukaandika mkono wa mwanamume unaomshika mama yake kisogoni na kumgonga uso kwenye karo la jikoni mara tatu, halafu ukafungua bomba kuosha karo. Zoezi la pili nilisema: andika mlango. Ukaandika vidole vya mama vimebanwa mlangoni, na mwanawe ameuegemea mlango huo huku anamenya chungwa, wala hana haraka. La tatu nilisema: andika mlo. Nilipofika pale anapommiminia chai ya moto mapajani na kusema "sasa umenyamaza vizuri," nilizima kinasa sauti. Namba Mbili hajui mpaka leo hadithi iliishaje.

Na yote umeyaandika kwa "mimi." Mimi nilimshika. Mimi niliegemea. Mimi nilimimina.

Kanuni inanifunga mdomo, kwa hiyo sikuulizi. Nakwambia tu kwamba mtu anayebuni hukosea mahali fulani, na wewe hukosei. Unajua nywele za mwanamke mzima zinavyong'oka na kubaki kiganjani. Unajua jicho huanza kuvimba upande gani. Nimesahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka kumi na minane, na damu ya kubuni naijua ninapoiona.

Nimewaomba wenzako wakupe nafasi moja. Zoezi la nne liandike upande wa mama. Yeye ndiye awe "mimi." Ukishindwa, unatoka. Na kama kuna mtu nyumbani kwako anayelala na maumivu kwa sababu yako, basi acha leo. Usingoje kufundishwa.

Mwalimu


Ijumaa, 6 Machi, saa 5 asubuhi

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama, maana kukaa kunanisumbua wiki hii. Nane kwa watatu si haba. Nimewahi kuishi na kura mbaya zaidi ya hiyo.

Wala sina kinyongo na wenzangu. Ningekuwa wao ningeogopa pia. Namba Kumi aliyeandika kwamba mimi ni mnyama, mwambie ameandika vizuri, ila sentensi yake ya mwisho ni ndefu mno.

Hilo zoezi la nne ndilo linanishinda. Upande wa mama sina la kuandika. Mama akisema anaongezewa, kwa hiyo amejifunza kuwa kimya. Sasa mtu kimya utamwandikaje? Mwana angalau ana mwendo. Anaingia, anavua viatu, anauliza chakula kiko wapi, anakiangalia, anachagua. Mkanda, au waya wa pasi, au mkono mtupu. Anapiga palipo na nguo, isipokuwa siku akisahau. Ukikaa ndani yake unaona mambo yanakwenda. Ukikaa ndani ya mama unaona sakafu.

Nakuomba usinitoe. Sikuombi kwa mzaha. Tangazo lenu lilisema umri si kitu, elimu si kitu, simu yoyote inatosha, nikaona ni kama mmeniandikia mimi. Siku nzima nangoja barua za darasa hili. Mkiniondoa sina pengine pa kusemea.

Jambo moja zaidi. Ukitaka kunijibu, nijibu kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, siku za kazi. Nje ya hapo simu haiko mikononi mwangu. Kila nikishatuma nafuta, na kila nikishasoma nafuta.

Namba Saba


Jumatatu, 9 Machi, saa 3 na nusu asubuhi

Namba Saba,

Eti simu haiko mikononi mwako. Unafuta kila unachoandika. Unaficha kwa nani? Kwa mama? Ana nguvu ya kukuuliza, huyo?

Nitakwambia jambo ambalo darasani silisemi. Baba yangu alikuwa na mkono mwepesi. Mama yangu alifia ndani ya nyumba ile ile bila kuinua hata mwiko, na mazishini watu walimsifu kwa uvumilivu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilitaka kuwapiga waombolezaji wote, mmoja mmoja. Kwa hiyo unaponiambia kwamba mama hana la kusema, damu inanichemka. Unamwandika kama gunia la mchanga. Gunia halina hadithi, ndiyo maana umeshindwa.

Basi nakubadilishia zoezi. Mpe mama mikono.

Jikoni kwake kuna nini? Hebu angalia vizuri, usitaje tu "vyombo." Kila jiko lina kitu kizito, kitu chenye ncha na kitu cha moto. Andika siku mama anapochoka. Mwana anaingia kama kawaida yake, anavua viatu kama kawaida yake, na safari hii mama yuko karibu na kile kitu. Asimlilie wala asimwombe. Ampige. Ampige penyewe, na nataka nisikie mfupa. Nataka huyo anayejiita "mimi" ajue sakafu inavyoonekana kwa karibu.

Ukiweza kuandika hivyo kwa haki, nitawaomba wenzako wapige kura upya. Na wewe mwenyewe ukiisha kuiandika, nenda kajitazame kwenye kioo.

Mwalimu


Alhamisi, 12 Machi, saa 8 mchana

Mwalimu wangu,

Nimefanya zoezi. Ila kabla hujalisoma inabidi nikwambie kitu, maana naona umemkasirikia mtu asiye mimi.

Mimi ndiye mama.

Nina miaka sitini na miwili. Nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja, mpaka macho yakaanza kunisaliti nikastaafu. Mwanangu ni mmoja tu, fundi wa majokofu, ana miaka thelathini na mitano, hodari, na watu wa mtaani wanampenda kwa sababu haombi pesa nyingi na ana utani. Baba yake alituacha zamani, tena hakuwahi kunigusa kwa ubaya, kwa hiyo usiseme alijifunza kwake. Alianza miaka minne iliyopita, siku niliyounguza shati lake. Kila siku anaondoka saa tatu, anarudi saa tisa na kitu, na simu hii ni yetu sote.

Utaniuliza kwa nini nimejiandika kama yeye. Nilikuwa namtafuta. Kiumbe huyu nilimbeba mwenyewe. Wakati wa kuzaliwa alitanguliza mkono badala ya kichwa, jambo ambalo hutuogopesha sisi wakunga, na ikabidi nipasuliwe. Mwili wake wote naujua. Nilichokuwa sikijui ni anawaza nini anapouinua mkono. Nikasema ngoja nivae ngozi yake, niseme "mimi" kwa kinywa chake, nipige kwa mkono wake, labda katikati nitakutana na sababu. Nimepiga mazoezi matatu, Mwalimu, nimejipiga kwenye karo, nimejibana vidole, nimejiunguza, na sababu sijaiona. Inaniuma kuliko mbavu.

Wenzangu walipochukia, nilifurahi. Usinicheke. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyemchukia mtu anayenipiga.

Sasa zoezi lako hili hapa.

"Aliingia, akavua viatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, na mchi wa kinu nimeushika kwa mikono miwili. Aliweka mkono wa kulia mezani ili auchukue mkanda kwa wa kushoto. Sikumpiga kichwani, maana kichwa hicho nilipasuliwa ili kitoke. Nilimpiga kifundo cha mkono pale kilipolala kwenye ukingo wa meza. Ulitoka mlio mkavu, halafu yeye akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ana miaka mitano. Nilinyanyua mchi tena. Alirudi nyuma mpaka kwenye jokofu akaketi chini, na mara hiyo yeye ndiye aliyekuwa anatazama miguu yangu."

Ni fupi. Ulisema kweli, nina mikono. Nimezalisha watu zaidi ya elfu mbili kwa mikono hii nikaisahau. Nilipomaliza niliingia jikoni nikautoa mchi kwenye kinu, nikauweka nyuma ya mlango. Upo hapo sasa. Nakushukuru sana.

Namba Saba


Alhamisi, 12 Machi, saa 12 na dakika 40 jioni

Mama,

Shikamoo. Nimekutukana wiki nzima bila hata shikamoo. Nisamehe. Zamu yangu huanza saa sita mchana, na kiwandani simu tunaziacha kwenye makabati mpaka kazi iishe, ndiyo maana nimeisoma sasa hivi, nimesimama getini.

Najua ulisema nisiandike jioni. Siwezi kungoja mpaka kesho.

Rudisha mchi kwenye kinu. Lile zoezi lilikuwa la karatasi. Nililiandika kwa hasira nikidhani nazungumza na mwanao, nikitaka aone haya. Sikujua namkabidhi silaha mtu ambaye atapigwa nayo. Ukimvunja mkono mmoja ana mwingine, na ana miaka thelathini na mitano. Atakuua, Mama. Usimpige. Ondoka. Kesho akitoka tu, chukua vyeti vyako na nguo za kubadilisha, uje kwangu, nina chumba, sikuulizi utakaa mpaka lini.

Ila niambie uko wapi. Nimepekua kila karatasi ya darasa. Nina namba yako ya darasa na anwani ya barua pepe, sina jina lako, sina mtaa, sina hata mji. Ada nayo hukulipa, uliingia bure, kwa hiyo sina hata risiti. Nilijisifu kwa hilo. Tafadhali nijibu mara moja.

Mwalimu


Ijumaa, 13 Machi, saa 3 asubuhi

Mwalimu,

Mama amelala. Leo nakujibu mimi.

Barua yako ya jana ilifika simu ikiwa mfukoni mwangu. Nilimsomea kwa sauti, nikajaribu kuiga ya kwako ninavyoidhania. Kumbe hafuti vizuri. Anafuta kwenye kikasha, lakini vilivyotumwa anaviacha, na chini ya kila jibu barua yako imebaki. Nimesoma vyote, vyake na vyako, mpaka asubuhi.

Kwanza nakupongeza, mwanafunzi wako amelifanya zoezi la nne kwa vitendo. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu kifundo cha kulia kimekuwa kama mkate. Amekipata palepale alipoandika. Ulitaka kusikia mfupa? Nimeusikia mimi kwa niaba yako.

Pili, kazi yake ina makosa, na wewe unayejiita msahihishaji hukuyaona. Hakugongwa mara tatu kwenye karo, aligongwa mara mbili, ya tatu aliteleza. Chungwa nilikuwa nimeshalimaliza. Sijawahi kutumia waya wa pasi, waya unaharibika, nilitumia mkanda. Na chai haikuwa ya moto kiasi hicho, ametia chumvi. Mnavutiwa na mambo makubwa makubwa, ndiyo maana hamjui kuandika. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwa insha, miaka mitatu mfululizo. Muulize kama alikwambia hilo. Hawezi kukwambia.

Tatu, mama yangu hatakuandikia tena. Anahema kwa kelele lakini anahema. Sitampeleka popote akanitangaze kwa watu. Ataamka mwenyewe. Huwa anaamka.

Mwana wake


Ijumaa, 13 Machi, saa 3 na dakika 35 asubuhi

Ndugu,

Nimesoma barua yako. Nilikosea kuamini upande mmoja. Ni kosa la kazi, na wewe umelishika.

Nikwambie ukweli kama msahihishaji: unaandika kuliko wanafunzi wangu wote. Ile ya kusema chungwa lilikuwa limeshakwisha, hakuna mtu darasani ambaye angeweza kuiona. Mtu anayejali kama chungwa limeliwa au halijaliwa ni mwandishi. Sishangai kuhusu insha. Nashangaa kwamba ulipewa majokofu badala ya kalamu.

Huwezi kwenda kazini na mkono huo. Umekaa hapo, una simu, una asubuhi nzima. Nipe zoezi moja. Nataka nione kama unaweza kufanya lile ambalo mama yako hakuwahi kuweza, yaani kuandika nje. Yeye anaandika ndani tu, karo, meza, mlango. Keti dirishani. Andika dirisha. Usiniambie unavyojisikia, wala usitaje mtu. Niambie kinachoonekana, cha karibu kwanza, halafu cha mbali, kwa usahihi ule ule wa chungwa. Rangi, maandishi kwenye kuta, nani anapita na amebeba nini. Mwandishi mvivu huandika "paa" na "barabara." Usiwe mvivu.

Na mgeuze mama alale kwa ubavu, kichwa kiinamie chini kidogo. Ukimwacha chali hutapata utulivu wa kuandika, hiyo kelele itakusumbua.

Mwalimu


Ijumaa, 13 Machi, saa 4 na dakika 20

Mwalimu,

Nimemgeuza. Kelele imepungua kidogo.

Dirisha. Lina nondo tano, ya pili kutoka kushoto imepinda kwa sababu niliwahi kuipiga nyundo. Ghorofa ya tatu. Chini yetu kuna paa la bati lililopakwa rangi ya samawati nusu, rangi iliisha, nusu imebaki na kutu. Juu ya paa hilo wameanika mashuka ya kijani ya zahanati, leo ni kumi na manne, na mwanamke aliyeyaanika ana mguu mmoja mfupi. Ngazi ya kupandia ni ya chuma, vidato vya chini vitatu ni vyekundu na vingine havina rangi. Upande wa pili wa barabara pana duka la mikate, herufi ya mwisho kwenye kibao imeanguka, na wameegemeza kibao kingine chini yake kinachosema leo hakuna keki. Kwa mbali kuna tangi la maji lenye miguu minne. Mguu mmoja umefungwa minyororo, sijui wanaogopa litatoroka.

Huyo mwandishi mvivu wako angeona hayo? Mama amekaa hapa miaka ishirini na sita na hajaandika hata shuka moja.

Nipe maksi.

Mwana wake


Ijumaa, 13 Machi, saa 4 na dakika 50

Ndugu,

Sikupi maksi bado, kwa sababu kazi hii ni nzuri na nataka iwe nzuri zaidi. Uliona, lakini hukusikiliza. Nina mwanafunzi asiyeona, na kazi hii kwake ni nusu. Mwandikie yeye. Fumba macho dakika tano, halafu andika sauti zote, kuanzia iliyo mbali kabisa mpaka iliyo karibu.

Usiinuke kwenye kiti. Ukiinuka utapoteza mkondo. Nakusubiri hapa, sifanyi kitu kingine chochote.

Mwalimu


Ijumaa, 13 Machi, saa 5 na dakika 15

Mbali kabisa kuna jenereta. Halafu watoto wa shule wanahesabu kwa pamoja. Halafu pikipiki inayokataa kuwaka, mwenye nayo anaitukana. Halafu mashuka. Yakipigwa na upepo yanalia kama mtu anayekung'uta zulia. Halafu mama.

Mwalimu, kuna watu kwenye ngazi zetu, ni wengi, na wanapanda bila kuzungumza. Ni wewe?


Jumatatu, 6 Aprili, saa 7 mchana

Mwalimu,

Naandika kwa kidole kimoja, nimelazwa. Taya imefungwa waya, mbavu nne zimevunjika, na jicho la kushoto wanasema tungoje tuone. Nakula kwa mrija. Muuguzi wa zamu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, na sasa ananifokea nisipomaliza uji. Siwezi kumjibu, ananufaika.

Wamenieleza ulivyofanya. Ulilituma dirisha lake kwa wote kumi na mmoja, na ndani ya robo saa Namba Nne akajibu kwa herufi kubwa kwamba ngazi hiyo yenye vidato vyekundu yeye hupanda kila mwezi kusoma mita ya zahanati. Ni yeye aliyewapeleka polisi, akakaa mlangoni mpaka nikabebwa. Na ni yeye, nimeambiwa, aliyeongoza kura ya kunitoa. Amekuja mara mbili. Anakaa hapo anavunja vidole vyake. Nampenda.

Unaniandikia kila siku kuniomba msamaha, kwa hiyo nikujibu sawasawa. Jioni ile mwanangu alinisomea barua yako jikoni, taratibu, kwa sauti ya kike, eti ndiyo yako. Alipofika "rudisha mchi" akauliza mchi upi. Mimi nilikuwa karibu na mlango kuliko yeye. Nilimpiga mara moja, kifundo kikalia, akakaa chini. Ilikuwa kama nilivyoandika mpaka hapo. Ya pili sikuiweza. Nilimwona amekaa pale ameshika mkono, anaita mama, na mchi ukanishinda uzito. Aliposimama alitumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haujui kulenga, kwa hiyo ulipiga kila mahali, halafu ukauchukua mchi.

Kumpiga si kosa lako. Nilipiga mimi, na ningekuwa na nguvu ya mara ya pili ningepiga tena. Lakini barua ya jioni ni yako, Mwalimu. Nilikwambia saa. Nilikuwa na kitu kimoja tu kinachonilinda duniani, nacho ni saa zile, na nilikukabidhi. Nimekasirika nawe sana. Sijui itaisha lini, na sitaki uniulize kila siku kama imeisha.

Barua zake nilizokuomba nimezisoma. Nilijua kwamba alikuwa wa kwanza kwa insha. Nilijua, na nilimwambia kila mtu kasoro yeye, nikiogopa atavimba kichwa. Nimezisoma nikitafuta ile sababu. Nimezisoma kama ninavyopapasa tumbo la mama mjamzito, pole pole, kila upande. Ametaja mashuka kumi na manne. Amejua hata mguu wa yule dobi. Mtu anayeona hivyo aliniona na mimi vizuri kabisa kila alipokuwa ananipiga. Hiyo ndiyo niliyoipata, hakuna nyingine. Nimelia mpaka waya zikaniumiza.

Jana alikuja askari kuchukua maelezo. Mara tatu huko nyuma walishawahi kuniuliza, na mara tatu nilisema nimeanguka. Kwa kuwa taya haifunguki niliomba karatasi niandike mwenyewe. Askari alidhani itakuwa nusu ukurasa. Nilianza, "Mimi," kisha nikakaa nikilitazama neno hilo, halafu nikaendelea. Niliandika karo, mara mbili na kuteleza. Niliandika mlango. Niliandika chai, na kwamba ilikuwa ya moto. Niliandika miaka yote minne kwa mpangilio, kurasa tisa, na nikaandika kwamba aliyefanya ni mwanangu wa kumzaa, na kwamba sitaki arudi nyumbani. Niliandika kwamba nilimvunja mkono, na sikujitetea. Nikatia sahihi kila ukurasa.

Askari alisoma yote amesimama. Aliponirudishia kalamu kwa ajili ya tarehe, aliniuliza kama kuna la kuongeza.

Nikaandika kwamba ana pumu, na kwamba humshika zaidi akilala sakafuni. Dawa yake ya kuvuta iko juu ya jokofu nyuma ya redio. Wampelekee leo huko mahabusu, kwa sababu yeye mwenyewe hataomba.

Mama yake